Sigiri Ilale Nje

Maneno ya mazungumzo na wakazi wa makazi ya Lobule, wilaya ya Koboko, katika msimu wa mvua. Yamechapwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

 

Leo sitazungumza juu ya chandarua wala juu ya kunawa mikono. Mambo hayo mmeyasikia mara nyingi, na wako akina mama hapa wanaoweza kuyafundisha vizuri kuliko mimi. Nitazungumza juu ya sigiri. Ndugu waliotoka Kongo huiita mbabula, ndugu wa Sudan Kusini huiita kanun, na aliyekaa Kenya huiita jiko. Ni chombo kile kile. Jioni tunapikia nje, mvua ikianza tunakibeba na kukiingiza ndani, tunafunga mlango, tunalala.

Karibu kila mmoja wetu alifundishwa na mama yake kwamba sigiri haiingizwi ndani mpaka moshi uishe. Ni mafundisho mazuri kwa macho na kwa kifua. Lakini watu wengi wameyaelewa hivi, kwamba moshi ukiisha, hatari nayo imekwisha. Hapo ndipo tunapopotea. Katika makaa kuna hatari mbili. Ya kwanza ni moshi, ambao unauona, unaunusa, unakutoa machozi na kukufukuza nje. Ya pili ni hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hiyo haina rangi, haina harufu, haina ladha, haiwashi macho wala haileti kikohozi. Makaa mekundu yasiyo na moshi hata kidogo huitoa kwa wingi. Tena huendelea kuitoa hata yanapofunikwa na majivu na wewe ukidhani yamezimika.

Sumu hii inatoka wapi? Moto unahitaji hewa kama sisi tunavyoihitaji. Kuni au makaa yakipata hewa ya kutosha huungua sawasawa. Hewa ikipungua, moto huungua nusu nusu, na hapo ndipo kaboni monoksaidi inapozaliwa. Katika sigiri iliyojaa, makaa ya chini hupata hewa kupitia kile kidirisha cha majivu, lakini makaa ya juu hupata hewa ambayo ya chini yamekwisha kuitumia. Mama aliyezoea kupika ameviona vimwali vidogo vya rangi ya buluu vikicheza juu ya makaa yaliyokolea. Husema makaa haya ni mazuri, na kwa kupika ni kweli. Vimwali hivyo ni sumu yenyewe inayoungua. Vikizimika, sumu haijaisha. Sasa inatoka bila kuungua na kuenea chumbani.

Mwilini inafanya nini? Damu yetu huchukua oksijeni, yaani ile hewa ya uhai, kutoka mapafuni na kuipeleka kwenye ubongo, moyo na kila kiungo. Fikirini vijana wa bodaboda pale Koboko mjini. Pikipiki ni damu, abiria ni oksijeni. Abiria anapanda, anafikishwa, anashuka, na pikipiki inarudi kumchukua mwingine. Kaboni monoksaidi ni abiria anayepanda kisha akakataa kushuka. Nguvu yake ya kuishika damu inazidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Baada ya muda pikipiki nyingi zimekaliwa na abiria wa namna hiyo, na oksijeni imesimama kituoni haina wa kuibeba. Mtu anapumua, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo unakosa chakula chake. Kwa kuwa ubongo ndio unaochoka mapema, mtu hapati hata akili ya kusema, "Nitoke nje." Anaona usingizi mzito, miguu inalegea, akijaribu kusimama anaanguka. Aliyekwisha kulala haamki kabisa.

Ni kiasi gani kinachoua? Ni kidogo kuliko mnavyodhani. Chumba chenye urefu wa mita 3, upana wa mita 3, na kimo cha mita 2 na kidogo kinaingia hewa ya jerikani kama 1,000, zile jerikani za lita 20 tunazochotea maji. Katika hizo 1,000, zikiwa mbili tu ni za kaboni monoksaidi, mtu mzima aliyelala humo anaweza kufa ndani ya saa moja au mbili. Ikiwa ni chini ya nusu ya jerikani moja, kichwa kitaanza kuuma baada ya saa moja au mbili. Na sigiri moja iliyojaa makaa yanayowaka inaweza kutoa jerikani mbili kabla haijazimika, ikiwa chumba kimefungwa.

Najua wazee watauliza: mbona babu zetu walilala na moto ndani ya nyumba miaka yote na hawakufa? Swali hilo ni la haki. Nyumba ya babu ilikuwa ya nyasi, na kati ya ukuta na paa palikuwa na nafasi ya mkono kupita. Moto ulikuwa wa kuni kwenye mafiga, na moshi ulipenya kwenye nyasi na kwenda zake. Pamoja na hayo walikohoa, na bibi zetu wengi waliharibika macho. Sasa angalieni nyumba zetu za leo. Nyasi zikivuja, tunatandika turubai chini yake. Nafasi kati ya ukuta na paa tunaiziba kwa udongo au kwa matambara, maana tunaogopa mbu, nyoka na wezi. Aliyepata uwezo ameezeka mabati na kuweka mlango wa bati unaofunga vizuri. Mambo hayo yote ni maendeleo, wala sitamwambia mtu ayaache. Lakini turubai halipitishi hewa. Nyumba isiyovuja maji haivujishi sumu pia. Wazee waliokuwa hapa Koboko katika miaka ya 1990, wakati ndugu wengi walipokimbia kutoka Yei na Kajo Keji, wanakumbuka vibanda vya turubai tupu. Humo ndani hata moto mdogo ni hatari kubwa. Sisemi nyumba ya nyasi ni salama. Nyasi zikilowa hushikamana, na usiku wa mvua ndio usiku tunaoingiza sigiri.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niombe nafasi hii ya kusema nanyi. Dalili za sumu hii zinafanana na malaria. Kichwa kinauma, hasa mbele, kama kimefungwa kamba. Kizunguzungu. Kichefuchefu na kutapika. Mwili mzima hauna nguvu. Macho yanaona ukungu. Moyo unapiga mbio. Mtoto analia, anakataa kunyonya, au analala kuliko kawaida. Hapa West Nile, mtu akiamka hivyo, yeye na jirani yake na hata sisi wa afya tunasema neno moja tu: malaria. Anakwenda kupimwa. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, anapewa dawa ya kutuliza maumivu na kurudi nyumbani kwenye sigiri ile ile. Kipimo kikionyesha malaria, ni shida zaidi, maana katika eneo letu mtu anaweza kuwa na vijidudu vya malaria katika damu na bado kinachomwumiza kichwa asubuhi ile ni sumu ya makaa. Anameza dawa zote, na baada ya wiki anasema dawa hazifanyi kazi.

Kwa hiyo, kabla hujatoka kwenda kituo cha afya, jiulize maswali machache. Je, tuliolala nyumba hii tumeamka na hali moja sote, wakubwa na watoto? Malaria haishiki watu watano usiku mmoja kwa saa moja. Je, mwili una joto? Sumu ya makaa kwa kawaida haileti homa. Je, nikikaa nje chini ya mwembe nusu saa naona nafuu, na nikilala ndani tena usiku, kesho yake hali inarudi? Je, kuku waliolala ndani wamezubaa au wamekufa? Na swali kubwa kuliko yote: jana usiku tulilala na moto ndani?

Ukifika kituo cha afya, taja sigiri. Usingoje uulizwe. Mwambie mhudumu, "Tulilala na makaa ndani." Nasema hivyo kwa sababu kile kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole kupima oksijeni kinadanganyika. Kinaona damu imebeba mzigo lakini hakiwezi kujua mzigo wenyewe ni wa namna gani, na kitaonyesha namba nzuri kwa mtu anayekaribia kufa. Maneno yako ndiyo kipimo cha kwanza.

Wanaoumia mapema ni watoto wadogo, wazee, wenye ugonjwa wa moyo au wa kifua, na mtu aliyelala amelewa, kwa kuwa huyo hata bila sumu haamki kwa urahisi. Lakini nataka nikae kidogo kwa mama mjamzito na mama aliyejifungua. Kaboni monoksaidi hupita kwenye damu ya mama na kumfikia mtoto tumboni, na damu ya mtoto aliye tumboni inaishika kwa nguvu zaidi kuliko ya mama, tena inachelewa kuiachia. Mama anaweza kuona kichwa kinauma kidogo tu, naye mtoto akawa ameumia vibaya. Kisha mama akijifungua, sisi kwa mapenzi mema tunamwekea sigiri chini ya kitanda ili yeye na mtoto wapate joto, tunafunga mlango baridi isiingie, na bibi anakuja kuongeza makaa usiku wa manane. Mama zangu, mtoto mchanga anahitaji joto, hilo ni kweli kabisa. Joto lake la kwanza ni kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, wote wawili wamefunikwa blanketi moja, na mtoto amevaa kofia na soksi. Maji ya moto ya kumkanda mama yachemshwe nje na kuletwa ndani. Sigiri ibaki nje.

Kuna jambo lingine ambalo si rahisi kulisema mbele ya watu, lakini nitalisema. Watu wakikutwa wamekufa ndani ya nyumba, hawana jeraha, chakula cha jana kimebaki kwenye sufuria, mlango umefungwa kwa ndani, maneno huanza kabla ya mazishi. Nani alikula nao? Nani aligombana nao juu ya shamba? Sote tunajua jinsi neno "sumu" linavyoweza kumwangukia jirani, mara nyingi mama mzee au mjane, na linavyoweza kumfukuza kwake au kumletea mauti. Ninawaomba viongozi wa vijiji, kabla ya kumtazama mtu yeyote kwa jicho baya, watazameni sakafuni. Iko sigiri ndani? Liko jivu ndani ya beseni? Ilikuwa usiku wa mvua? Msiondoe kitu. Mwiteni polisi na mhudumu wa afya waone vitu vilivyo mahali pake.

Ndugu mliopita Goma mnaijua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini kwenye mabonde ya mawe ya volkano na kuua mbuzi na watoto. Wengine wameniuliza kama ni kitu kimoja. Si kimoja. Mazuku ni kaboni dayoksaidi, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatuama kwenye mashimo kama maji, ndiyo maana mtu mrefu anaweza kupita salama pale mbuzi anapofia. Kaboni monoksaidi ya sigiri haituami. Inachanganyika na hewa ya chumba kizima. Basi anayelala juu ya kitanda kirefu na anayelala kwenye mkeka wako katika hatari ile ile, na kupanda juu hakuna faida.

Pia kuna dawa nyingi za kienyeji nilizozisikia juu ya sigiri ya ndani. Kuweka beseni la maji karibu nayo: haisaidii, sumu hii haiyeyuki katika maji kwa kiasi cha kutuokoa. Kunywa maziwa: maziwa yanaingia tumboni, na sumu hii haikupita tumboni, ilipita mapafuni. Kuacha mlango wazi kidogo: inapunguza, lakini mvua ikipiga au mtu akihofia wezi ataamka na kuufunga, na hapo ndipo usingizi wa mwisho unapoanza. Sizitaji ili kumcheka mtu. Nataka mtu asilale akiziamini.

Kwa nini tunaingiza sigiri? Kwanza kwa baridi, pili kwa mbu, na tatu, tuseme ukweli, kwa sababu makaa ni mali. Tangu Mei 2023 serikali ilipokataza kuchoma makaa kwa biashara katika Kaskazini ya Uganda, West Nile ikiwamo, hakuna mama anayetaka kuona makaa mekundu yakinyeshewa na mvua uani baada ya ugali kuiva. Hivyo kumwambia "acha sigiri nje" bila kumwonyesha namna ya kuokoa makaa yake ni kumpotezea wakati.

Namna hiyo iko, na ni rahisi. Tafuta chombo cha chuma chenye kifuniko kinachobana: debe la mafuta ya kupikia, au sufuria kuukuu yenye sahani nzito ya kuifunika. Ukimaliza kupika, ukiwa bado nje, chukua makaa kwa koleo, moja moja, uyatie ndani na kufunika. Ukiona ufa, uzibe kwa udongo mbichi. Moto ukikosa hewa hufa wenyewe, na makaa hubaki makavu. Kesho yanawaka upesi kuliko makaa mapya. Lakini debe hilo nalo lilale nje, mbali na nyasi na mbali na watoto, kwa sababu mpaka moto ufe kabisa bado linatoa sumu, na kwa nje linaunguza. Wasio na debe wachimbe kishimo, wayatie makaa na kuyafukia kwa mchanga mkavu. Kumwagia maji ni njia ya mwisho. Makaa hulowa na itakupasa uyaanike siku nzima, na katika mvua hizi jua hatulioni.

Kwa baridi, chemsha maji jioni ukiwa unapika, yatie kwenye chupa ngumu au kijerikani kidogo kinachofunga vizuri, kifungie nguo ili kisimchome mtu, ukiweke miguuni. Kitakaa na joto muda mrefu. Kwa mbu tumia chandarua. Yale majani tunayoweka juu ya makaa huongeza moshi, na makaa yaliyo chini yake yanaendelea na kazi yake ya kimya.

Mvua ikikukuta chakula hakijaiva, peleka sigiri kwenye banda la kupikia lenye kuta za nusu. Majirani wanne au watano wanaweza kujenga banda moja kwa miti na nyasi, lililo mbali kidogo na nyumba kwa sababu ya moto. Nimeona watu wakijenga banda kubwa la kuku kuliko la kupikia. Yule ambaye hana njia nyingine kabisa, apikie ndani mlango na dirisha vikiwa wazi vyote viwili, watoto wakiwa nje ya chumba hicho, na makaa yatolewe kabla mtu yeyote hajalala. Wale waliojengewa majiko ya udongo yanayobana kuni, muyatumie, yanaokoa kuni nyingi. Lakini kula kuni kidogo si kusema halitoi sumu. Nalo lisiwe mahali mnapolala.

Je, ukikuta watu wamelala wasiamke? Fungua mlango na kila dirisha. Piga kelele majirani waje. Vuta hewa nyingi ukiwa nje, ingia ukiwa umeshika pumzi, mtoe mmoja, toka upumue, kisha rudi. Usikae ndani kumwamsha mtu wala kumtafutia nguo. Wako wengi waliokufa wakiwaokoa wengine. Ukiweza kuitoa sigiri haraka, itoe, lakini watu kwanza. Mtu aliye nje akiwa anapumua, mlaze kwa ubavu ili akitapika asipaliwe. Asiyepumua apuliziwe pumzi mdomoni na mwenye kujua kufanya hivyo. Usimnyweshe kitu chochote.

Kisha apelekwe kituo cha afya, hata kama ameamka na anasema yuko sawa. Katika hewa ya kawaida damu huchukua saa 4 mpaka 6 kutoa nusu tu ya sumu hiyo. Akipewa oksijeni safi kwa kifuniko cha uso, saa hizo hushuka na kuwa kama moja na nusu. Mgonjwa mahututi, aliyezimia hata kwa dakika chache, na mama mjamzito, hao wanaweza kuhitaji kupelekwa mbele zaidi, mpaka hospitali ya rufaa ya Arua, nanyi msikatae kwa sababu ya umbali. Tena mwangalieni mtu huyo wiki kadhaa. Wako wanaopona, wanarudi shambani, na baada ya wiki mbili au tatu wanaanza kusahau majina, kutembea vibaya, au kubadilika tabia. Huyo hajarogwa. Ubongo uliumia, arudishwe kwa daktari.

Nigusie injini kwa ufupi. Jenereta ya kuchajia simu au ya kibanda cha video hutoa kaboni monoksaidi nyingi kuliko sigiri. Iwekwe nje kabisa, hatua nane au zaidi kutoka mlangoni na madirishani, hata mvua ikinyesha. Ijengewe kijipaa chake. Kuiweka barazani hakutoshi. Mwenye bodaboda anayelaza pikipiki ndani kwa kuogopa wezi, asiiwashe ndani asubuhi "ipate moto." Wachimba visima wasishushe pampu ya petroli shimoni. Na vijana wanaochoma matofali, usiku tanuri linapovutia kwa joto lake, msilale juu yake wala upande ule upepo unakoupeleka moshi.

Mwisho, nina neno kwa jamaa wanaosubiri kuhamishiwa nchi za mbali. Msidhani mnaiacha sigiri hapa. Mnamo Desemba 2006 dhoruba ilikata umeme katika eneo la Seattle, Marekani, wakati wa baridi kali. Watu walitafuta joto kwa majiko ya makaa ndani ya nyumba na kwa jenereta. Zaidi ya watu 200 walitibiwa kwa sumu hii na kadhaa wakafa, na wengi wa walioumia kwa makaa walikuwa wahamiaji, wakiwamo Wasomali. Nyumba za huko zimezibwa kila upenyo kuliko nyumba yoyote ya Lobule. Huko pia kuna kengele ndogo ya ukutani inayolia ikinusa kaboni monoksaidi. Mkiingia nyumba mpya, ulizeni iko wapi, na ikilia usiku, msiitoe betri ili mlale. Tokeni nje na watoto, kisha mpige simu.

Sasa naomba tusimame twende nyuma ya ghala. Nimewasha sigiri mbili zenye makaa ya kipimo kimoja. Moja tutaitia kwenye debe na kufunika, nyingine tutaiacha iungue yenyewe, na baada ya saa moja mama wawili watapima mbele yenu makaa yaliyobaki kila upande. Aliyekuja na debe lake alilete, tutazame kama kifuniko kinabana.